Jicho la Kushoto la Twahir

Twahir alikuwa fundi cherehani wa Mbugangari, mtaa wetu karibu na mpaka wa Goma, kama baba yake. Alishona sare za wanafunzi, akafupisha suruali za madereva, na wakati wa Idi mlango wake ulijaa kina mama wenye vitenge mikononi. Alikuwa na miaka arobaini na moja, mke wake Zulfa, na binti mmoja, Isimbi. Sisi majirani tulimjua kwa utani wake na kwa jambo moja dogo: alipenda kujigonga. Bega kwenye nguzo, goti kwenye benchi. Yeye mwenyewe alicheka akasema nyumba za siku hizi zinajengwa vibaya.

Asubuhi moja, kama saa nne, alikuwa akikata kitambaa cha koti. Unyuzi ukamwingia jicho la kulia. Akalifumba, akaanza kulisugua kwa kidole. Ghafla dunia yote ikazimika.

"Zulfa! Umeme imekwenda?"

Zulfa alikuwa mlangoni akipepeta mchele. Aligeuka akamtazama. Jua lilikuwa limeingia dukani mpaka kwenye meza.

"Umeme gani? Si iko muchana, Baba Isimbi."

Twahir akafumbua jicho la kulia. Meza ikarudi, kitambaa kikarudi, Zulfa akarudi. Akalifumba tena. Giza. Akafumbua, akafumba, akafumbua. Mkasi ulimtoka mkononi ukaanguka sakafuni, asisikie hata mlio wake. Alikuwa na jicho moja tu, na hakujua tangu lini.

"Yebaba we," alisema taratibu. "Mi niko kipofu nusu, na hakuna mutu aliniambia."

Hospitalini alipokewa na Daktari Kimenyi, mtu aliyekulia Tanzania, mwenye Kiswahili kilichonyooka na sauti ya upole. Alimpima kwa mashine, akamtilia dawa, akamwangalia ndani ya jicho kwa mwanga mkali kwa muda mrefu.

"Ni presha ya jicho," alisema mwishowe. "Huitwa glakoma. Haiumi. Inaanza kula pembeni, unaona mbele vizuri, kwa hiyo hugundui. Jicho la kushoto limekwisha, ndugu yangu, halirudi. La kulia limeguswa, lakini tukianza dawa leo, na usiache hata siku moja, tunaweza kulishika."

Twahir alikuwa amekamata kingo za kiti. Daktari akaendelea, huku akiandika:

"Kwenu kuna mtu mwingine aliyepofuka? Ugonjwa huu hutembea katika ukoo."

"Baba yangu," Twahir alijibu. "Lakini yeye alirogwa."

Daktari aliacha kuandika. "Alianzaje?"

Twahir akaanza kueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo sauti yake ilivyopungua. Baba yake, mzee Selemani, alianza kujigonga upande mmoja. Akaanza kukanyaga vitu. Siku moja alipita katikati ya mtama ambao jirani, Mukamazimpaka, alikuwa ameuanika kwenye mkeka, akautawanya wote kwa viatu. Yule mama akapiga kelele: "Selemani, we hauone?" Mwaka haukuisha, mzee akawa haoni kabisa.

"Na mkasema ni kwa sababu ya neno lile," daktari alisema.

Sasa Twahir alielewa. Siku ile ya mtama baba yake alikuwa tayari haoni. Yule mama aliuliza swali la kweli, wala hapakuwa na mtu aliyelisikia.

Hapa lazima niseme jinsi tulivyomtendea Mukamazimpaka, maana na mimi nilikuwemo. Alikuwa mjane akiuza viazi kutoka mashamba ya Bugeshi mbele ya nyumba yake. Dada mkubwa wa Twahir, Mwamini, alizunguka mtaa mzima akisema huyu mama amekula macho ya baba yetu. Tukaacha kununua viazi vyake. Ikabidi avibebe kichwani mpaka Goma, kila siku, mvua au jua. Watoto walipiga mawe bati lake jioni, na Twahir, akiwa na miaka kumi na mitano, ndiye aliyewaongoza. Binti wa mama huyo, Dative, alichumbiwa mara mbili, na mara mbili wachumba walirudi kwao baada ya kuuliza habari mtaani. Mwisho Dative alihamia Kampala, hakurudi tena.

Miaka ishirini na sita.

Siku iliyofuata, baada ya sala ya alasiri, Twahir alikwenda kwa Mukamazimpaka. Hakuwahi kukanyaga ua ule tangu utoto. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda akimenya maharage mabichi. Hakumkaribisha, hakumfukuza.

"Mama Dative," Twahir alianza, amesimama. "Nimetoka kwa docteur. Jicho yangu moja imekufa. Ni ugonjwa ya ukoo. Ndiyo ile iliua macho ya baba. Si wewe. Haikukuwa wewe hata siku moja."

Mama aliendelea kumenya. Ganda, punje, ganda, punje. Kisha akasema, bila kuinua uso:

"Mi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kama unakuwa kipofu. Iko miaka tatu sasa. Ulianza kugonga nguzo ya pale kwa bega ya kushoto. Ukaanza kugeuza kichwa yote kwa kuangalia pikipiki inayopita. Baba yako alifanya vile vile, mi nilimuona. Nikasema, bon, na huyu pia."

Twahir alikaa chini, kwenye udongo, na kanzu yake nyeupe.

"Miaka tatu, mama? Ungeniambia! Mapema docteur angeishika!"

Sasa aliinua uso. Macho yake yalikuwa makavu.

"Nikuambie nini? Mi, Mukamazimpaka, nikuje kwako niseme, Twahir, jicho yako inakufa? Halafu ikufe? Mungefanya nini na mi? Mara ya kwanza niliuliza tu, we hauone. Uliza dada yako nililipa nini." Aliweka sufuria ya maharage chini. "Siku moja nilifika mpaka kwa mulango ya duka yako. Nilikuwa na ile maneno kwa kinywa. Nikaona Zulfa ananiangalia. Nikarudi."

Twahir alikaa pale mpaka mama alipoingia ndani na kufunga mlango.

Nyumbani alimkuta Mwamini. Alipomwambia yote, dada alikuja juu. "Hao madaktari wanajua nini ya uchawi?" Twahir hakubishana. Alimshika mkono asubuhi yake akampeleka kwa nguvu kupimwa. Presha ilikuwa imepanda katika macho yote mawili. Mwamini aliketi kwenye benchi la korido na kichupa cha dawa mkononi, mdomo wazi, kama mtu aliyepigwa kofi na mtu asiyemwona.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ilifika. Baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, tukiwa tumekaa kwenye nyasi na majembe yetu kusubiri mkutano, Twahir aliomba neno. Alisema mbele ya mtaa mzima: baba yetu aliumwa, hakurogwa, sisi tulidanganya, mimi nilipiga mawe nyumba ya mama huyu, na jicho langu limekufa kwa sababu tulimfanya aogope kusema. Watu waliinamisha vichwa. Mimi pia niliinamisha changu. Mukamazimpaka alisimama, akachukua jembe lake, akaenda zake bila kumtazama mtu.

Jicho la kulia la Twahir bado linaona. Anashona, ila polepole. Isimbi amepimwa, yuko salama. Mwamini anatia dawa zake kila jioni, lakini mpaka leo hupita njia ya nyuma ili asikutane na yule mama.

Wiki moja baada ya mkutano, simu ya Twahir iliita kutoka namba ya Uganda. Alikuwa Dative. Alisema mama yake alikuwa amemweleza, lakini yeye alitaka kuyasikia kutoka kwa Twahir mwenyewe. Twahir alirudia yote, neno kwa neno.

"Nani alikuwa pale akikusikia?" Dative aliuliza. "Nitajie majina yao."

Twahir alisimama katikati ya duka akaanza kututaja, mmoja mmoja.