Visima vya Joto Nyuma ya Chumba cha Upasuaji

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya serikali mjini Shinyanga, Fundi Mkuu alinisimamisha mbele ya friji la ofisini kwake akaniuliza, "Hili linatengenezaje baridi?" Nikajibu kwamba baridi inatoka kwenye gesi.

"Hakuna kitu kinachotengeneza baridi, binti," akasema. "Friji linahamisha joto. Linalitoa ndani, linalitupa nje. Shika mgongoni pake." Nikashika, nikakuta pana moto. "Basi kazi yako itakuwa hiyo. Kutafuta mahali pa kutupa joto."

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Mwanamke pale karakana nilikuwa mimi peke yangu, nikitoka Ngokolo kwa miguu kila asubuhi, na waliosema sitamaliza mwezi mmoja walikuwa wengi. Nilikaa miaka. Nilitengeneza majokofu ya chanjo na vyumba vya kuhifadhia nyama, nikazaa mapacha, nikaanza kuitwa Mama Kulwa. Miaka ya sabini ikiwa inaelekea mwisho, nikahamishiwa hospitali moja ya wilaya upande wa Geita. Sitaitaja jina, maana jamaa za hao nitakaowasema bado wako pale.

Hospitali ile ilikuwa na mtambo ambao sikuwa nimewahi kuuona. Wahandisi wa kutoka nchi za baridi walikuwa wamefunga pampu ya joto. Msishtuke na jina. Ni friji kubwa, ila badala ya kutupa joto hewani, linalitupa ardhini. Walitoboa visima sita vyembamba nyuma ya chumba cha upasuaji, wakateremsha mabomba ya plastiki, na maji yaleyale yakawa yanazunguka: yanashuka na joto la vyumbani, yanaliacha chini, yanapanda yamepoa. Chini kule hakuna mchana wala usiku, hali ni moja mwaka mzima. Asubuhi za baridi za Julai tuligeuza vali moja, mtambo ukalitoa joto ardhini na kuwapasha watoto wachanga wodini. Mtambo ulikuwa mzuri. Nasema hivyo mapema kwa sababu yanayofuata siyo makosa yake.

Wahandisi walipoondoka waliondoka na ramani ya mabomba. Waliacha mawe, lundo zima lililotolewa na mashine ya kuchimbia, meupe yenye kumetameta. Na katika nchi ile, jiwe jeupe halilali chini siku mbili bila mtu kuligeuza akitafuta dhahabu.

Kwanza walikuja watu wawili na nyundo. Wiki iliyofuata walikuwa ishirini, wameshaanza duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao, hatua chache kutoka kwenye kisima cha kwanza. Nikaenda kwa Katibu wa Hospitali.

"Andika barua," akasema.

"Mzee, ofisi yako iko hapa na shimo liko pale. Barua ya nini?"

"Utaratibu, Mama Kulwa."

Nikaandika. Baada ya siku kumi nikaandika nyingine. Nilipoona kimya, nikafanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka najikasirikia. Nilimfuata mwenye duara, mzee aliyeitwa Masanja, nikamwambia kwamba pale hakuna dhahabu na nitamwonyesha. Nikatwanga mawe ya lile lundo mbele ya watu wote, nikayaosha kwenye karai, taratibu, mchanga ukitoka na maji.

Masanja akainama. Akatia kidole ndani ya karai.

"Mayu," akasema kwa upole, kama anavyosema mtu na mama yake, "na hii ni nini?"

Zilikuwa punje tatu. Ndogo kuliko mbegu ya mchicha, lakini za njano.

Kesho yake walikuwa zaidi ya mia.

Siku ya nne, mchana, Mganga Mkuu alikuwa anampasua mama aliyeletwa kutoka Nkome, uchungu umemshinda siku mbili. Mtambo ukazima. Chumba kile hakikuwa na dirisha la kufunguka. Nesi akatoka akaniambia jasho la daktari linamwingia machoni, na mtu wa dawa ya usingizi anaona kizunguzungu.

Nikakimbia nyuma. Sululu ilikuwa imekata bomba, maji yanaruka, vijana wanayakinga kwenye ndoo ili waoshee mawe yao. Sikuwa na ramani. Nilipiga magoti kwenye tope nikafunga koki zote sita, kisha nikafungua moja moja nikisikiliza kwa sikio bomba lipi linavuja. Visima vitatu vilikuwa vizima. Nikazikatia wodi zote, kilichobaki nikakielekeza chumba cha upasuaji peke yake, nikajaza maji, nikawasha. Masanja mwenyewe alinishikia bomba nikilikaza kwa mpira wa baiskeli.

"Kuna mtu ndani?" akaniuliza.

"Wako wawili. Mmoja hajazaliwa."

Akawaamuru watu wake watoke mashimoni, wakatoka. Mtoto alilia kabla saa haijaisha, na mama yake alirudi Nkome kwa miguu yake.

Mngedhani hapo mambo yalikwisha. Jioni ile Masanja alinieleza, bila kuficha, kwamba hisa moja ya duara lake ilikuwa ya Katibu wa Hospitali. Barua zangu zote mbili zilikuwa kwenye droo yake. Mganga Mkuu alipozitoa na kumuuliza, Katibu alijibu kwamba alikuwa bado anazifanyia kazi. Akahamishwa. Akapandishwa cheo.

Tuliomba mabomba mapya mkoani. Baada ya miezi minane wakaleta mabomba ya choo. Nikauliza, nikajibiwa, "Si mabomba?" Nikaendelea na visima vitatu, baadaye viwili, na chumba cha upasuaji hakikuzima tena mikononi mwangu. Wodi ya watoto haikupata joto la Julai tena. Hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu mabomba ya kufaa yangeingia kwenye lori moja.

Karibu na kustaafu kwangu alikuja Afisa wa mkoa, kijana msafi, akasema mtambo umepitwa na wakati. Wakaleta viyoyozi vya dirishani. Ilibidi kwanza wavunje ukuta wapate dirisha. Vinatupa joto kwenye korido ambako ndugu wa wagonjwa wanakaa, na umeme ukipungua vinanguruma tu.

Wananiuliza vijana kama kweli ardhi ile iliwahi kupoza hospitali. Iliwahi, na ingeweza hata kesho. Vile visima viwili nilivifunika mwenyewe, kila kimoja kwa mfuniko wa zege, nikachora ramani, nikaiweka nyumbani kwenye sanduku la nguo. Hakuna aliyewahi kuja kuiomba.