Tanzanaiti Iliyowaka Dirishani

Mnaojifunza kompyuta, msikate tamaa, ila nisikilizeni. Nilichora jiwe la tanzanaiti kwenye kompyuta kwa ajili ya tangazo la duka jipya la Mzee Massawe, mfanyabiashara wa vito.

"Sisi jiwe tunaliangalia juani," akasema, akaigeuza skrini ielekee dirishani. Jua likaipiga, jiwe likawaka! Akanisifu, nami nikavimba kichwa.

Tangazo likachapishwa, jiwe likatoka limefifia kama kipande cha sabuni, na duka lilikuwa lifunguliwe kesho yake. Hasira zikanipanda. Nikamwita mchapaji, nikamfokea mbele ya mzee, nikimwonyesha skrini ileile pale dirishani: "Umeniharibia kazi! Tazama mwenyewe linavyong'aa!"

Wingu la Mlima Meru likafunika jua. Jiwe likazimika palepale kwenye skrini.

Mchapaji akanitazama. "Sasa kaka, na jua nalo ulitaka nilichape?"