Mrututu wa Msuka

Bibi yangu mzaa mama aliniita mke mwenza, kama bibi yeyote wa Mgogoni anavyomtania mjukuu wake wa kike. Ila wangu alizidisha. Niliporudi kutoka chuo cha ualimu Unguja, na viatu vya kisigino na Kiswahili cha kuchonga, alinitazama juu mpaka chini akasema, "Haya, mume mwenyewe kafa zamani. Tutagombania nini sasa?"

Tuligombania mrututu.

Mrututu ni yale mawe ya buluu yanayong'aa kama sukari ya mawe. Bibi alitibu vidonda sugu, na hiyo ndiyo iliyokuwa dawa yake kubwa: punje mbili ndani ya maji, anaosha donda. Punje mbili, si tatu, maana ni sumu. Kila mgonjwa aliyekuja amechelewa alipigiwa methali ileile: "Mficha maradhi kifo humuumbua." Sisi wajukuu tulikuwa tukiimaliza pamoja naye kwa sauti, na yeye akituzomea.

Mrututu hauchimbwi Pemba. Ulikuja dukani Wete, na mwaka ule dukani ulikwisha. Na mwaka ule ndio mjomba wangu, kitindamimba wa Bibi, alipopata donda ndugu kwenye muundi. Karafuu zilikuwa karibu kuiva. Mtu wa mguu mmoja hapandi mkarafuu.

Mjomba mwenyewe ndiye aliyeleta habari. Kasikia pwani ya Msuka kuna ubavu wa chombo kikongwe, misumari yake ya shaba imeota ukoko. "Mrututu mtupu, mama! Unajiotea!"

"Twende tukautazame," Bibi akaniambia. "Kutazama si kula."

Tulipofika nikaona hii ndiyo siku yangu ya kuonyesha elimu. Nikainama, nikauchokoa ukoko kwa ukucha. Bibi akausikia mkwaruzo, akanipiga kofi la mkono.

"Weye! Ndivyo mlivyofundishwa Unguja, kuchokoa sumu kwa kucha?"

Basi nikafundishwa upya. Upepo uwe mgongoni. Pindo la kanga lifunge pua na mdomo. Tambuu itemwe kwanza, maana mwenye kutafuna humeza. Ukwangue kwa kombe la pwani, ukingie kwa kifuu, ufunike kwa jani la mgomba. Na ufanye yote kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ndio utakaoingia kwenye wali. Nilicheka sana. Nimesomesha sayansi miaka mingi tangu siku ile, na bado sijaona kitabu kilichoeleza jambo hilo vizuri zaidi.

Nikakwangua. Ukoko ukatoka kijani, kijani kabisa, kama jani la mtambuu. Bibi akakichukua kifuu, akakileta puani, akakipeleka mbali, akakirudisha. "Mashaallah," akasema. "Buluu hiyo."

Nikangoja acheke. Hakucheka. Ndipo nikakumbuka ile chai aliyoimimina kando ya kikombe asubuhi, na kanga aliyoivaa kinyume nikadhani ni haraka. Watu wakijua, nani atamletea tena mguu wake? Nikafunika kifuu, nikanyamaza njia nzima. Mimi, niliyekuwa sinyamazi hata usingizini.

Nyumbani akaniagiza gilasi ya maji na kisu. Mrututu wa kweli huyeyuka wote, maji yakawa buluu, na kisu cha chuma ukikitumbukiza hutoka chekundu kama kimepakwa shaba. Mjomba akakaa, mguu juu ya kibao, uso kama wa mtoto anayengoja ngariba. Nikatia ukoko. Ukatuama chini kama mchanga. Nikatia kisu, tukangoja, nikakitoa. Kilikuwa vilevile.

Bibi hakuitazama gilasi. Alinitazama mimi. "Kisu kimetokaje, mke mwenza?"

Nilitaka kusema chekundu. Wallahi nilitaka, na mdomo ulikwisha kufunguka. Kisha nikauona muundi wa mjomba.

"Kimetoka vilevile, Bibi. Na ukoko si buluu. Ni kijani tangu Msuka."

"Lo! Mtoto huyu!" mjomba akaruka, akasahau donda. (Alipona, msimhurumie. Mrututu ulikuja kutoka Chake wiki ya pili, akapanda mkarafuu wake akilalamika kama kawaida yake.)

Bibi akaniamrisha nikayafukie maji yale mbali na kisima. Niliporudi alikuwa ametulia, karibu kufurahi.

"Nilijua tangu hapa, kabla hatujatoka," akasema. "Mrututu haukai pwani. Mvua moja tu, umekwenda zake."

"Umenitembeza mpaka Msuka, na unajua?" Nilikasirika hasa, visigino vyangu vilikuwa vimechubuka.

"Mrututu n'tauagiza Chake. Macho hayaagizwi. Nilikuwa natafuta macho yasiyonionea haya, na weye kutwa nzima ulinionea haya. Nikasema mke mwenza huyu hafai, mpaka kisu kilipokusemesha kweli."

Mjomba akatutazama huyu na huyu. "Macho gani? Mama, kwani huoni?"

Ile methali yake ilinijia ulimini, sikuthubutu kuitamka. Bibi akaitia kanga yake begani, safari hii upande wa sawa, taratibu, kwa vidole.

"Sioni," akasema.

Kisha akanipa kisu nikakioshe, akapapasa ahakikishe ninakipokea kwa mkono wa kushoto.