Udongo Mfukoni mwa Mwalimu Okware

Shemeji yangu Okware, mdogo wa marehemu mume wangu, alikuwa mwalimu wa kanisa huku Kwapa, mtu wa kola safi na saa ya mfukoni. Mwaka 1957 alipata kidonda cha mguu kilichofika mfupani. Daktari wa Tororo akampa vidonge vya manjano, akasema vikishindwa, mguu utakatwa.

Wiki tatu zikapita, kidonda kilekile. Majirani wakaanza kumnyooshea kidole mkewe, Amoit. Walisema anatupa dawa ili mume afe, abaki na shamba.

"Dada, namwekea mkononi, anameza nikimwona," Amoit aliniambia akilia.

Asubuhi nilimwamini, jioni sikujua tena. Ukoo wetu haukuwahi kutajwa katika mambo ya namna hiyo.

Othieno, dresa wa zahanati, alikuja na baiskeli yake kufunga kidonda.

"Mwalimu, dawa unameza na maziwa? Au na ile dawa nyeupe ya tumbo? Daktari alituonya: vitu vyenye chokaa au chuma huikamata dawa hii tumboni, isifike kwenye damu."

"Maji tu."

"Basi mguu wako ni mkaidi kuliko wanafunzi wako wa ubatizo."

Okware hakucheka.

Jumamosi, nikipiga pasi koti lake, nikakuta mfukoni vipande vya udongo wa kula, ule wanaotafuna wajawazito, unaouzwa sokoni Busia. Nikamwita Amoit.

"Una mimba?"

"Mimi, Dada? Na wajukuu wanne?"

Tukabaki tunalitazama koti. Nikaenda kwa mwenyewe. Akafunga mlango kwanza.

"Daktari alisema sina damu ya kutosha," akanong'ona. "Mama zetu waliongeza damu kwa udongo. Natafuna kila nikimeza kidonge, nguvu zikutane."

"Umesikia maneno ya Othieno. Mwambie."

"Shemeji, Mama Ebong! Mwalimu wa kanisa, udongo wa wajawazito? Watanicheka mpaka Merikit. Nawe ndiye unayelilinda jina letu."

Jina lipi nililinde? La mwanamume atakayechekwa, au la mwanamke anayeitwa mwuaji? Nilitembea mpaka zahanati bila kuamua, na nilipomwona Othieno, nikasema yote.

Daktari akakataza udongo kabisa, kwani nao una chuma kinachoikamata dawa. Vidonge vya chuma vya kuongeza damu angempa baadaye, vile vya manjano vikishakwisha, wala wasichanganye kitu bila kumwuliza.

Okware alinikasirikia siku nyingi. Kidonda kilipoanza kukauka, Jumapili moja alisimama kanisani kwa mkongojo.

"Mke wangu hakutupa dawa. Mimi ndiye niliyeiharibu, kwa kula udongo."

Bibi mmoja akauliza kutoka nyuma: "Mwalimu, ni ya miezi mingapi?"

Kanisa likaangua kicheko. Nilitaka ardhi inimeze. Lakini Amoit, ambaye kwa wiki nyingi wanawake walikuwa wakimhama kwenye benchi, alikuwa amekaa katikati yao, anacheka kuliko wote.