Chura Aliyesusa Nyumbani kwa Bi Faidha

Bi Faidha ana nyumba ya kulala wageni mjini Newala, yenye vyumba sita na masharti mengi kuliko vyumba. Mgeni hupewa nusu ndoo ya kuoga. Akinung'unika, huambiwa huku ni juu, maji ni ya shida, na anayetaka kuogelea ateremke Ruvuma. Chura wa Bi Faidha huogeshwa asubuhi na jioni.

Alimwopoa kwenye kisima cha maji ya mvua mwaka aliofiwa na mumewe. Akamwita Bwana Mkubwa, akampa beseni la bluu na chumba namba tatu, chenye ubaridi kuliko vyote. Jioni panzi waliingia dirishani, chura akawadaka, na Bi Faidha akakaa kumtazama huku akitabasamu. Wageni hawakuwahi kuliona tabasamu hilo.

Jirani yake ni Sikuzani, naye ana nyumba ya wageni. Ni mkubwa kwake kwa umri, lakini Bi Faidha aliacha kumpa shikamoo miaka mingi iliyopita. Bi Faidha huwawahi abiria stendi. "Kwa Sikuzani," huwaambia, "mende wanakupokea begi mlangoni." Kisha, ili maneno yake yazidi kunoga, akanunua dawa kali ya wadudu akapulizia nyumba yake yote, uani hadi kwenye majani.

Haikupita wiki, Bwana Mkubwa akaacha kula. Akaletewa maini yaliyokatwakatwa, akageukia ukuta. Akaletewa yai, akaletewa uji. Alikonda hata mifupa ya mgongo ikahesabika. Bi Faidha naye akakosa raha, na wageni wakanywa chai bila sukari bila kuambiwa kisa.

Mmoja wao, Ashraf, alikuwa bwana mifugo kutoka Masasi aliyekuja kuchanja kuku. Alitolewa kwenye chai akapelekwa kwa mgonjwa.

"Mama, chura hali kitu kisichosogea," alisema. "Mtafutie mdudu aliye hai."

"Kwangu hakuna wadudu," alijibu kwa majivuno, na majivuno yakamwishia mdomoni.

"Basi nenda kwa jirani. Si ulituambia wamejaa?"

Bi Faidha alizunguka uani mpaka jua likapanda. Hakupata hata sisimizi. Akajitanda khanga, akachukua kopo, akaenda. Sikuzani alikuwa barazani akichagua choroko, na wageni wake kutoka Mkunya wamekaa naye.

"Shikamoo, dada."

Sikuzani alimtazama kwanza. "Marahaba. Kuna msiba?"

"Chura anaumwa. Naomba mende."

"Jikoni ni kule. Ingia ujichagulie."

Bi Faidha alipiga magoti, akamulika kwa simu chini ya kabati, nyuma ya mapipa, kwenye masufuria. Sakafu ilinukia sabuni. Alitoka na kopo tupu na vumbi la mkaa puani.

"Hakuna," alisema.

"Hakuna nini?"

"Mende."

"Sema wasikie na hawa. Wao waliambiwa stendi."

"Kwa dada Sikuzani hakuna mende." Bi Faidha alisema akiwatazama wageni.

Hakuna aliyecheka, na hilo lilimuuma zaidi. Sikuzani akainuka, akamwongoza nyuma ya nyumba kwenye rundo la kuni, akageuza magogo. Nyenje wakatawanyika. Wote wawili wakawakamata, wameinama kama wanaopalilia, mpaka kopo likajaa.

"Mpelekee mgonjwa," Sikuzani alisema. "Siku mimi nikiugua, uniletee walau maji."

Nyenje wa kwanza aliporuka ndani ya beseni, chura hakutikisika. Wa pili akapotea, na shavu la Bwana Mkubwa likacheza. Bi Faidha aliketi sakafuni akalia, jambo ambalo kwenye mazishi ya marehemu mumewe watu walilingoja bure.

Siku hizi kila asubuhi anabisha hodi kwa Sikuzani, kopo mkononi. Anatoa shikamoo, anaambiwa angoje. Sikuzani anamalizia chai yake, na baadhi ya siku anaongeza kikombe cha Bi Faidha.