Siku Nilipomkana Tomi Mbele ya Washenga

Kama kuna asubuhi moja ambayo ningependa nirudishiwe, ni ile niliyompeleka mbwa wangu Tomi kwa Ndahani huku nikijua kabisa kwamba alikuwa ametapika tangu alfajiri. Ilinipasa kumwacha nyumbani. Shemeji yangu ndiye aliyetoa shauri, akasema ni joto tu hilo, mpeleke, lakini kamba ya mbwa hakuishika shemeji, niliishika mimi, na aibu iliyofuata naona haya kuisimulia hadi leo.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, mnaikumbuka, maduka ya Majengo yameanza kujaa tena, sabuni unachagua, mitumba ya kila rangi, na kila mtu mjini ana kibiashara chake, mwalimu anakaanga maandazi, karani (ndiyo mimi) anafuga kuku wa kisasa, na kwa kuwa sasa nyumba zilikuwa na redio za kuibwa, tukaanza kufuga mbwa. Shida ilikuwa mchana. Sisi tuko ofisini, mbwa wanabweka, wanapigana barabarani, wengine wanalishwa sumu. Ndipo Ndahani, Mgogo mmoja aliyepunguzwa kazi reli, akazungushia uwanja wake ua wa minyaa na kuanza kututunzia mbwa kuanzia asubuhi hadi tunapotoka kazini. Tulimcheka sana, tukasema amefungua chekechea. (Mimi nilicheka kuliko wote, kisha nikawa mteja wake wa kwanza.)

Hakuwa mtu wa mchezo katika kazi ile. Kila mbwa na bakuli lake kutoka nyumbani, wakali wanafungwa upande wao, kupe hawaingii, chanjo lazima iwe ya mwaka huo, na mbwa anayeumwa havuki lango hata kama ni wa mkubwa gani. Jioni ukipita pale ungewakuta wamelala kivulini kama wazee waliomaliza kikao, naye amekaa katikati yao anasikiliza redio. Nilizipenda jioni zile. Mimi ni Mnyamwezi, na Wagogo ni watani wetu tangu babu zetu walipokuwa wakipita Ugogo na mizigo vichwani, kwa hiyo mimi na Ndahani hatukuwahi kusalimiana kama watu wazima wenye heshima zao. Yeye aliniita mpagazi wake, mimi nilimwambia hata maji ya kunywa babu zake walituuzia.

Siku hiyo washenga walikuwa wanatoka Kibakwe kuja kumposa binti yangu Rehema, na Tomi alikuwa na tabia ya kurarua suruali za wageni. Ndiyo maana nilitaka asiwepo. Na chanjo ya mwaka ule nilikuwa sijampeleka, kila wiki nikisema wiki ijayo.

Ndahani akamgusa pua pale langoni.

“Mpagazi, huyu mzima kweli? Na chanjo je?”

“Kama kuna mgonjwa hapa ni wewe, Mgogo. Tangu lini ukaogopa mbwa wa mpagazi?”

Akacheka mpaka akafuta macho, akafungua lango. Neno la mtani huwa halichunguzwi, na mimi nililijua hilo nilipolisema.

Washenga walifika saa za mchana, wazee watatu wenye makoti, tukawakalisha barazani, na mazungumzo yalikuwa yameanza kunoga nilipoona toroli inaingia uani, Ndahani anaisukuma, majirani nyuma yake, na ndani ya toroli, juu ya gunia, Tomi amelala amechafuka mwili mzima. Ndahani akawasalimu wageni vizuri kabisa, kisha akanigeukia mimi, akasema mbwa anatapika damu na bwana mifugo anataka kujua alianza lini.

Wazee wote wakanitazama. Sijui ni shetani gani, lakini nilisikia mdomo wangu ukisema, “Huyo si mbwa wangu. Wangu yuko nyuma, amelala.”

Tomi akaisikia sauti yangu. Akainua kichwa, mkia ukaanza kugonga bati la toroli, akajikokota akashuka, akapita akiyumba katikati ya miguu ya washenga, akaweka kidevu juu ya kiatu changu (nilikuwa nimekipaka rangi kwa ajili ya siku hiyo) na kukitapikia.

Mzee mkubwa wa Kibakwe akauliza taratibu, “Na huyu binti tuliyemfuata, yeye ni wenu?”

Baraza zima likaangua kicheko, majirani wakashika mbavu, mke wangu akakimbilia jikoni. Aliyebaki bila kucheka ni Ndahani peke yake. Akarudia swali lake kwa sauti ya chini.

“Alianza lini?”

“Alfajiri.”

“Kwa hiyo ulijua.”

Akaigeuza toroli tupu, akaenda zake.

Tomi alikufa kesho yake, kichwa chake mapajani mwangu. Ndani ya wiki ile mbwa wengine wa pale uwanjani wakamfuata, wa majirani, wa wakubwa wa ofisi, na yule jike mzee wa Ndahani mwenyewe. Bwana mifugo alisema ugonjwa ule huwashinda hata waliochanjwa na unakaa hata kwenye udongo, kwamba mahali pale pasiingizwe mbwa kwa muda mrefu, na hata kama pangefaa, nani angeleta tena mbwa wake? Ndahani akafunga lango.

Rehema aliolewa (mzee yule alilirudia swali lake kwenye sherehe, watu wakacheka tena). Nilikwenda na mke wangu kumwomba Ndahani radhi, akatukaribisha chai, akasema amekwisha kusamehe, na naamini alisema kweli. Baadaye akahamia Kibaigwa kupakia mahindi kwenye malori. Kila nilipopita huko nilimtafuta, na kila mara alinipa mkono, akaniita bwana, akaniuliza hali ya nyumbani kwa adabu zote, akaniaga. Sijafuga mbwa tena, na mnyama anayeumwa simpeleki kwa mtu.

Asubuhi ile ilimgharimu Ndahani riziki yake. Mimi ilinigharimu mbwa, na ilinigharimu mtani, kwani tangu siku hiyo hadi alipokufa Ndahani hakunitania tena hata mara moja.