Winda la Mdogo Wangu

Kengele ililia nyuma ya ua kabla sijamwona mbuzi wa jirani, na mara nikawa mtoto tena, nimeshika winda la mdogo wangu.

Mama alikuwa hajatimiza arobaini ya uzazi. Mbwa wetu, aliyevaa kengele shingoni na kulinda mtama usiliwe na nguruwe, hakuruhusiwa kukaribia nyumba. Nilihofu siku moja atamng'ata mtoto kwa kutomjua, nikampelekea winda shambani alinuse.

Alilinusa, akanifuata. Tangu hapo alilala kizingitini, hata shangazi alipommwagia maji. Mtoto akilia, naye alilia.

Siku ya nne tukakuta nguruwe wameumaliza mtama.

"Nani kamfundisha huyu kulea?" baba alifoka.

"Mpeni na mbeleko basi!" shangazi akacheka.

Mama, aliyekuwa amelitafuta lile winda, alinitazama. Nikainama kuokota masuke matupu.

"Nawapa wapagazi wa msafara waende naye bara," baba alisema. Alimvua kengele, akanirushia, akamfunga kamba.

Wapagazi walipomvuta hadi uani, mtoto alilia ndani. Mbwa akageuka, akaivuta kamba kurudi kwetu. Shangazi akaufunga mlango.